Mabomba Hayabishi Hodi

Mlionisoma wiki iliyopita mnajua nilikoishia. Cherehani ya mama mkwe wangu iko nje kibarazani, imefunikwa gunia, na mwenye cherehani ameondoka na kimfuko kimoja, akisema anakwenda kumuuguza rafiki yake.

Kwa wageni wa ukurasa huu niseme kwa kifupi. Kazi yangu ni kubuni ndani ya nyumba za wenye nazo. Najulikana kwa nyumba nyeusi, tupu, zisizo na kitu kinachochomoza. Mafundi wananiita Mzee wa Giza, na mimi, mpumbavu, nilikuwa najisikia. Basi nikaibeba kazi yangu mpaka sebuleni kwangu, nikamwambia mke wangu kuwa cherehani ya mama yake inaharibu ukuta. Mama mkwe alikuwa mlango wa pili, akasikia. Asubuhi akaaga.

Ujumbe wenu nimeupata. Mmoja ameniandikia kwamba hata mbwa wake ameona haya kwa niaba yangu. Asante. Ila msiyamalize matusi yote, jamani, yabakizeni ya leo.

Majuma kadhaa baada ya mama mkwe kuaga, nilipigiwa simu na Madamu.

Madamu ni tajiri anayeishi ghorofa ya juu kabisa ya jengo moja refu, niliyemtengenezea nyumba nyeusi kuanzia sakafu hadi dari. Madamu akinuna, hata simu unaisikia inawaka moto.

"Kuna kitu kinaharibu nyumba yangu," akasema. "Njoo ukione mwenyewe. Na uje sasa hivi, wageni wangu wako njiani."

Wageni wenyewe walikuwa wawili: mwekezaji mwenye jengo lote lile, na mke wake. Walikuwa wanakuja kuangalia. Wakipenda, ghorofa zote zilizobaki zingekuwa zangu. Hilo nilikuwa naliota hata nikiwa macho, nikiwa na kijiko mdomoni, watoto wakinisemesha nisisikie.

Nikapanda lifti.

"Jana nimetafuta friji mpaka nikakata tamaa," Madamu akanipokea. "Nikalala na kiu yangu."

"Ndiyo uzuri wake, Madamu. Haionekani."

"Ndiyo uzuri wake," akakubali kwa fahari. Kisha akanyoosha kidole. "Lakini kile je?"

Mwisho wa korido, kwenye ukuta mweusi usio na doa, chini kabisa, kulikuwa na ndala. Ndala ya plastiki, ya buluu, imebanwa kwenye ukingo wa ukuta kana kwamba ukuta wenyewe umetoka kuoga.

"Kila nikiitoa, nikigeuka ipo," Madamu akalalamika. "Ni mfanyakazi wangu mpya. Nimemwambia mlango ufungwe usionekane, ananiitikia ndiyo, ndala inarudi. Wewe ndiye mtaalamu. Mweleze."

Hapa lazima niwaeleze na nyinyi, maana ndipo penye uchafu wangu.

Nyuma ya ukuta ule kuna chumba cha mfanyakazi. Jengo lilipojengwa, kilikuwa chumba cha haki, chenye dirisha. Mimi nikakigawa. Dirisha na eneo kubwa vikaenda kwenye kabati la viatu vya Madamu. Kilichobaki nikakiandika kwenye mchoro kuwa ni stoo. Na kwa kuwa ni stoo, nikakipa mlango wa stoo: ubao mweusi ulio sawa na ukuta, hauna kishikio, una kitasa cha kubonyeza kama vile vya makabati ya jikoni. Ukiubonyeza kwa nje, kitasa kinafyatuka, ubao unajitokeza. Ukingoni nikazungushia mpira ili mwanga wa ndani usivuje ukanichafulia korido. Tundu la hewa nalo nililifuta. Lilikuwa linakata mstari.

Sasa, kitasa kile hufyatuka mlango ukisukumwa kuelekea ndani. Aliye nje anausukuma, basi. Aliye ndani angepaswa kuuvuta, na kwa ndani hakuna cha kushika. Nilikuwa nachora kabati. Kwenye kabati hakuna mtu anayetaka kutoka.

Nilipoiona ile ndala nikaelewa papo hapo inafanya kazi gani. Lakini mdomo wangu ukasema, "Tatizo dogo hilo, Madamu. Ni mazoea tu ya hawa watu."

"Mama!" Madamu akaita. "Hebu toka kidogo!"

Kwanza nikasikia kikohozi. Kikohozi kidogo, cha mtu anayeomba njia kabla ya kuingia penye watu. Kikohozi hicho nakijua. Kimepita sebuleni kwangu kila siku tangu nilipooa.

Ubao ukasukumwa. Akatoka mama mkwe wangu.

Amevaa gauni jeusi mpaka kwenye vifundo vya miguu, na kitambaa cheusi kichwani. Madamu alimshoneshea makusudi ili afanane na ukuta. Mguu mmoja una ndala, mwingine mtupu.

Tukaangaliana. Nilitamani sakafu ipasuke, ila ni jiwe nililolichagua mwenyewe, halipasuki.

Madamu akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Mnafahamiana?"

"Hapana," nikasema.

Lilitoka lenyewe. Nilimwona mama mkwe akilipokea lile neno, akalimeza, akainamisha macho.

"Karibu, baba," akaniambia. "Samahani kwa ndala."

Jamani. Huyu ni mtu ambaye nyumbani nikipita mbele yake nainama. Sijawahi kuketi naye kiti kimoja. Akiingia mahali nami nikiwa na fulana tu, natafuta shati mbio. Na nimemkana uso kwa uso, mchana kweupe, kwa sababu ya ghorofa za watu.

Madamu akaangalia saa yake. "Mwelekeze vizuri," akaniambia, "mimi nakwenda kuvaa hereni." Akatuacha.

Nilisubiri nyayo zake zipotee.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Kumbe shikamoo ipo, inangoja mwenye nyumba aondoke."

Nikakimbilia maswali. "Mama, unafanya nini huku? Si ulisema unamuuguza rafiki yako?"

"Na wewe si umesema hunifahamu?" Alisema bila ukali, huku anakunja kitambaa cha kufutia vumbi. "Rafiki yangu ndiye aliyenipatia kazi hii. Alianza yeye, akaugua kifua. Nikamuuguza mpaka akapata nafuu, nikamshikia nafasi. Sikudanganya."

"Twende nyumbani, Mama. Leo hii. Mke wangu kila siku anakuulizia, na simu zake hupokei."

"Umwambie mama yake mzima. Ila binti yangu asijue nilipo. Akijua atanirudisha kwako kwa nguvu, na kwako nilikuwa naharibu ukuta. Huku nalipwa nikae ndani ya ukuta. Acha nikae huku, baba."

Nilitaka kumwambia cherehani irudi, sebule aichukue yote, ashone mpaka nyuzi zifunike zulia. Nikafungua mdomo.

Akaniwahi. "Ila kuna jambo. Wewe si mtu wa majengo? Hebu nitafutie huyo aliyekitengeneza chumba hiki. Muombe anifungie hata kamba kwa ndani. Siku ya kwanza nilijifungia bila kujua, nikakaa humo mpaka Madamu alipohitaji chai. Joto la humo si la kusimulia. Tangu siku hiyo ndiyo naweka ndala."

"Nitamwambia," nikasema.

"Unamjua?"

"Namjua... kidogo."

"Ni mtu wa namna gani?"

"Ana shughuli nyingi."

"Haya. Umwambie simlaumu. Pengine hakujua kuwa atalala mtu humu."

Nilijua, wasomaji wangu. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi mpaka leo. Nilikichora hata kigodoro chake, nikakikata urefu ili mlango wa kabati la viatu upate kufunguka vizuri upande wa pili. Nilijua atalala mtu. Sikujua tu kuwa ni mtu wangu, na kumbe hiyo ndiyo ilikuwa tofauti yote kwangu.

"Mama," nikaanza, "huyo mtu..."

Kengele ya mlangoni ikalia.

Madamu akatokea mbio, hereni moja sikioni, nyingine mkononi. "Wamefika! Mama, ingia ndani. Na wewe, toa hilo lindala ufunge mlango."

"Madamu," nikasema, "kwa nini asikae tu jikoni? Hawatamwona."

"Watamwona! Nimewaambia nyumba yangu haina kitu kinachochomoza. Na yeye anachomoza."

"Lakini mlango huu ukifungwa..."

"Ukifungwa nini?" Akanikazia macho. "Una kasoro? Unataka kuniambia leo, wageni wakiwa mlangoni, kwamba mlango wangu una kasoro?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Mlango ulikuwa mbele yangu, mama mkwe pembeni yangu, na jibu lilikuwa neno moja tu.

"Hauna kasoro, Madamu," nikasema.

Mama mkwe akanitazama. Alinipa ndala kwa mkono wake mwenyewe. "Hawatakaa sana, eh?"

"Hawatakaa. Mimi niko hapa hapa," nikamnong'oneza.

Akaingia. Nikausukuma ubao kwa kiganja changu. Tak. Ukuta ukawa ukuta. Ndala nikaisokomeza ndani ya mkoba wangu wa kazi, kati ya michoro.

Mwekezaji alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye mkono wa kupigapiga watu mabegani. Mke wake alikuwa mwembamba na macho yake hayakutulia. Hatua chache tu ndani ya sebule, mwekezaji akajigonga muundi.

"Uwii! Hii nayo ni meza?"

"Ni meza, mheshimiwa."

"Ilikuwa wapi?"

"Hapo hapo ilipo."

Akaangua kicheko huku anajisugua mguu. "Huyu kijana hatari! Naipenda. Naipenda na inaniumiza."

Tukazunguka. Jikoni kusikoonekana jiko. Bafu lisiloonekana bomba. Mke wake alitaka kujua taa zinawashwa wapi, nikamwonyesha, akasema angekuwa ni yeye angekwishavunja kidole akitafuta. Kila walipocheka nilitazama koridoni. Nilikuwa nawaharakisha, Madamu anawachelewesha. Kila nikisema "na hapo ndipo mwisho," Madamu anasema "bado, bado, hamjaona kabati langu."

Wakaona kabati. Wakaona viatu, na dirisha kubwa linaloviangazia viatu.

"Viatu vimepata mandhari," mke wa mwekezaji akasema. Sikujua kama anasifu au anasuta. "Na msaidizi wa kazi, analala wapi?"

Macho ya Madamu yakang'aa. Swali hilo ndilo alikuwa analingoja.

"Mwenyewe leo nimempa ruhusa, katoka," akadanganya bila kupepesa. "Ila chumba chake kimo humu humu. Kwenye korido hii hii. Kitafuteni! Hakuna mgeni aliyewahi kukipata."

Basi ikawa mchezo. Mwekezaji akavua koti akanipa nimshikie. Akaanza kugongagonga ukuta kwa vidole, sikio limebandikwa, kama mtu anayenunua tikiti sokoni. Mke wake akaanzia upande wa pili. Madamu anapiga makofi. "Baridi! Baridi! Aa, sasa vuguvugu!"

Mimi nimesimama na koti la mtu, mgongo wangu umeegemea ule ubao.

Sauti ya kugonga nikaisikia kabla yao. Iligonga taratibu karibu na bega langu, mara moja, ikatulia, ikagonga tena. Ilikuwa hodi ya mtu anayeona aibu kusumbua.

"Nini hicho?" mke wa mwekezaji akageuka.

Madamu akanitolea macho.

"Mabomba," nikasema. "Jengo likipata joto, mabomba hugongagonga."

"Mabomba hayabishi hodi," mke wa mwekezaji akasema. "Hiyo ilikuwa hodi kabisa."

Tukacheka wote. Mimi nilicheka kuwazidi, nikacheka mpaka nikakohoa, ili kicheko kifunike hodi nyingine iliyokuja nyuma yake.

Niseme nini? Mnaniuliza kwa nini sikubonyeza. Ningebonyeza, angetoka mbele ya watu akiwa ameloa jasho, Madamu angeumbuka kwa uongo wake, nami ningeumbuka kwa wangu. Nikajiambia dakika moja tu, wakichoka wataondoka. Nilijua joto la mle. Nilijua mpira niliouzungusha ukingoni unaziba namna gani, maana niliujaribu mwenyewe kwa kiberiti, moshi haukupita. Nikajiambia dakika moja.

Mwekezaji akasalimu amri. "Nimeshindwa!" akasema, anahema. "Haya, kijana, niambie ukweli. Jambo hili umelinakili wapi?"

Na hapa, jamani, ndipo nilipojimaliza. Ningeweza kujibu kwa sauti ndogo. Lakini nilikuwa nimeingoja sifa hiyo maisha yangu yote.

"Sijanakili popote, mheshimiwa," nikasema, kifua mbele. "Ni mimi mwenyewe. Chumba, mlango, kila kitu nimekichora mimi. Hata kwa ndani sikuweka kishikio. Mstari ni safi pande zote mbili."

Ubao ule si mnene kuliko kitabu cha shule.

Nyuma ya bega langu, kugonga kukakoma.

"Safi!" Mwekezaji akanipiga begani. "Ghorofa zote zilizobaki nataka hivi hivi. Usibadilishe kitu. Stoo hiyo hiyo, mlango huo huo." Akanyoosha mkono.

Niliwaza wanawake wote watakaokuja kulala kwenye mabweta yale, na ndala zao. Kisha nikaushika ule mkono, nikautikisa.

Simu yangu ikaita mfukoni. Mke wangu. Nikaikata. Ikaita tena, nikaikata. Ikaita mara ya tatu.

"Pokea, bwana," mwekezaji akasema, "huenda mtoto anaumwa."

Nikapokea. "Niko na wageni, nitakupigia."

"Usikate." Sauti yake haikuwa sauti ninayoijua. "Uko wapi?"

"Kazini."

"Kazini wapi? Kwenye ghorofa?"

"Ndiyo. Kwa nini?"

Akavuta pumzi. "Mama amenipigia. Ananong'ona. Ananiambia yuko ndani ya ukuta, nyumbani kwa watu, jasho linamtoka na mlango haufunguki. Nikasema homa hiyo imempanda. Nikamuuliza, Mama, nani yuko karibu yako akusaidie? Akasema, mume wako."

Madamu na wageni walikuwa wananitazama, wanatabasamu bado.

"Nikamwambia, basi si umwite? Anasema amegonga, na amekusikia ukimjibu." Akaanza kulia, lakini aliendelea kusema, kila neno peke yake. "Anasema nisikugombeze, uko kwenye shughuli yako. Ameniomba nikuulize jambo moja tu. Anauliza, mabomba yanaruhusiwa kutoka saa ngapi? Maana hewa inamwishia."

Koti la mwekezaji likaniponyoka. Sikukata simu. Niligeukia ukuta, nikaweka kiganja juu ya ule ubao, mahali pale pale pa kubonyeza. Ulikuwa wa moto.

Madamu akanidaka kifundo cha mkono, akaking'ang'ania kwa mikono yake miwili, huku anacheka.

"Wewe! Usiwaonyeshe," akasema. "Waache watafute tena wenyewe."